Msituambie "Nendeni TikTok"

Kuna jibu moja linalotolewa siku hizi kila msanii wa mashinani akiuliza pesa za utamaduni zimeenda wapi. Wanasiasa wanalitoa, maafisa wanalitoa, na hata vijana wenzangu wanalitoa: "Serikali haina pesa. Nyinyi mko na simu. Nendeni TikTok."

Mimi niko TikTok. Natengeneza video nikiwa hapa Nyansiongo, kwa simu, na nitaendelea kuzitengeneza. Kwa hivyo msinisome kama mtu anayechukia mtandao. Nachukia tu hilo jibu, kwa sababu si kweli, na kwa sababu likikubalika kuna vitu vya kwetu vitakufa kimyakimya na hakuna atakayeulizwa.

Wacha nianze na kilichokatwa. Watu wakisikia serikali imepunguza pesa za sanaa, wanafikiria jumba la maonyesho limefungwa, waigizaji wamesimama nje na mabango. Hapa Borabu hutaona hivyo. Huwezi kufunga jumba ambalo halijawahi kujengwa. Kwetu makato yanakuja kwa njia ya pembeni, na ndiyo maana wengi hawayaoni.

Fuata pesa hatua kwa hatua. Mwaka 2024 serikali ilitaka kukusanya shilingi bilioni 346 kupitia Mswada wa Fedha. Tukaandamana. Wenzetu wakauawa. Tarehe 26 Juni Rais akasema hatausaini. Tarehe 5 Julai akatangaza kwamba matumizi yatapunguzwa kwa bilioni 177 na sehemu iliyobaki itakopwa. Kaunti zetu zilikuwa zimetengewa bilioni 400. Baada ya mvutano mrefu kati ya Bunge na Seneti zikapewa bilioni 387. Sasa jiulize: kaunti ikipata pungufu, itapunguza wapi kwanza? Mishahara haiguswi. Barabara ina mwanakandarasi anayepiga simu kila siku. Hospitali ina wagonjwa mlangoni. Idara ya utamaduni haina mtu wa kupiga kelele, basi kisu kinaenda huko.

Kisha tazama shule. Pesa ambazo serikali hutoa kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ziliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haiwezi kumudu kiasi hicho, na kwamba kinachofika ni karibu shilingi 16,900. Huo si uvumi, alisema mwenyewe. Ukiwa mwalimu mkuu wa shule ya kutwa na umepungukiwa zaidi ya shilingi 5,000 kwa kila mtoto, utafanya nini? Utalipa mpishi, utanunua chaki, utalipa stima. Sikulaumu. Lakini kinachobaki nje ni drama, kwaya, ngoma ya kitamaduni, na basi la kwenda mashindano.

Na kwa mtoto wa Nyansiongo, shule ndiyo jumba la pekee la maonyesho atakaloingia maishani. Hakuna lingine. Wengi wetu jukwaa tulilijulia kwenye tamasha la shule: mara ya kwanza kuvaa vazi la mtu mwingine, mara ya kwanza kusikia watu wasiotujua wakicheka mahali tulipotaka wacheke. Ukikata basi la drama, kwetu umefunga jumba la maonyesho. Tofauti ni kwamba hakuna kamera ya kuonyesha mlango ukifungwa.

Najua mtakachosema. "Si nyinyi Gen Z mlikataa kodi? Sasa mnataka pesa zitoke wapi?"

Hilo nimeambiwa mara nyingi, na nalijibu hivi. Turudi kwa hotuba ileile ya tarehe 5 Julai. Rais mwenyewe alitaja vitu vilivyokuwa vinakula pesa: mashirika 47 ya serikali yenye kazi zinazofanana, washauri ambao idadi yao ingepunguzwa kwa nusu, bajeti za siri za ofisi kubwa, ofisi za wake wa viongozi. Yeye ndiye aliyesema, si mimi. Tuliposema punguzeni matumizi tulimaanisha hayo. Hakuna kijana aliyebeba bango Nairobi, Kisii au Keroka akiomba watoto wapunguziwe drama. Kukataa kodi mpya hakumpi mtu ruhusa ya kuchagua mnyonge kabisa kwenye bajeti halafu aseme sisi ndio tuliomchagua.

Na tukizungumzia kodi, sisi wa mtandaoni tayari tunalipa. Mwaka 2023 serikali ilipendekeza kukata asilimia 15 ya mapato ya wanaotengeneza maudhui. Tukalia, ikashuka hadi asilimia 5, na ndiyo inayokatwa hadi leo. Kwa hivyo wakati wa kuchukua, serikali inajua kabisa sisi ni nani na tunafanya kazi gani. Wakati wa kutoa, ghafla sisi ni watoto wanaocheza na simu.

Sasa tuje kwa TikTok yenyewe, kwa sababu hapo ndipo kiini cha maneno yangu.

Mtandao unalipa kitu kimoja tu: macho. Haulipi ubora, haulipi umuhimu, haulipi muda uliotumia kujifunza. Ili YouTube ikugawie pesa za matangazo ya video za kawaida, unahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mtu akichekesha kwa Kiswahili au Sheng, anaweza kufika huko. Akiimba kwa Ekegusii wimbo wa dakika kumi na mbili unaosimulia ukoo ulivyohama na kugawana ardhi, nani atamfikisha? Wanaoelewa Ekegusii ni wachache ukilinganisha na dunia, na wengi wao wenye kuuelewa wimbo huo vizuri ni wazee ambao hata data hawanunui.

Watu wetu waliisoma hesabu hii mapema. Mwangalie Embarambamba. Jina lake lilipaa kwa kujigaragaza kwenye matope na kupanda miti huku akiimba. Simcheki, na simhukumu. Ametafuta riziki kwa sheria za soko alilolikuta. Lakini hizo ndizo sheria zenyewe: soko linalipa tope, wimbo unafuata nyuma. Tukisema kila msanii wa Gusii aende huko, tunasema kila mmoja atafute tope lake.

Na obokano je? Kwa wasiojua, huo ni ule uzeze mkubwa wa Abagusii wenye nyuzi nane, mwili wake kama karai lililofunikwa ngozi, sauti yake nzito unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni. Kuutengeneza kunahitaji mti unaofaa, ngozi, na mikono inayojua. Kuucheza ni miaka, na si vidole tu: mchezaji anatakiwa ajue koo, majina ya sifa, methali, nani alioa wapi, nini kisitajwe kwenye matanga ya nani. Mwalimu wa hayo yote ni mzee mmoja ameketi na kijana mmoja, mchana baada ya mchana. Hapo hakuna video ya sekunde thelathini. Ukirekodi somo lenyewe, mtu wa Texas atapita nalo baada ya sekunde mbili, na mashine itasema hilo si jambo la maana.

Wako waliojaribu kuubeba. Grandmaster Masese ameupeleka obokano kwenye majukwaa ya Nairobi pamoja na ushairi wake, na vijana wengi waliuona kwake mara ya kwanza. Lakini mtu mmoja jukwaani si shule. Swali langu ni nani atamlipa mzee wa hapa Borabu, au kule Nyamache, akae na vijana watano kwa miaka mitatu. TikTok haitamlipa. Harusi haitamlipa, maana siku hizi harusi ni DJ. Asipolipwa na umma, hatalipwa na mtu. Siku akizikwa tutapiga picha ya obokano juu ya jeneza na kuandika "pumzika kwa amani, hazina yetu".

Tulinganishe na Tabaka, maana kuna watu watasema sanaa ya Wakisii imejilipia muda mrefu bila serikali. Kweli, mawe ya Tabaka yanauzwa. Mtalii anabeba kiboko cha jiwe kwenye mkoba. Elkana Ong'esa, mtu wa Tabaka, alichonga Ndege wa Amani ambaye amesimama makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Ni fahari yetu sote. Lakini jiwe linaweza kufungwa kwenye gazeti likasafirishwa. Wimbo wa matanga huwezi kuuweka kwenye rafu ya duka la uwanja wa ndege. Zipo sanaa zinazouzika na zipo zisizouzika, na hizi za pili ndizo kazi ya bajeti ya umma. Inayouzika ina soko lake tayari.

Sasa kuna jambo jingine ambalo hatulisemi sana. Kwa miaka mingi, serikali iliwaachia wageni kazi hii. Mkumbuke vile vikundi vya maigizo ya sokoni. Walikuja siku ya soko, wakapiga ngoma, watu wakajaa, halafu mchezo ulikuwa kuhusu ukimwi. Mwaka mwingine ulikuwa kuhusu kunawa mikono. Mwaka wa uchaguzi ulikuwa kuhusu amani, na sisi tunaopakana na Sotik tunajua kwa nini mchezo wa amani ulikuwa muhimu baada ya yale ya 2008. Ile ilikuwa kazi nzuri na ilifundisha waigizaji wengi. Lakini pesa hazikuwa za sanaa. Zilikuwa pesa za afya na za uchaguzi, na mwigizaji alikuwa kama spika tu ya kubebea ujumbe.

Halafu Januari 2025 Trump akasimamisha misaada ya nje ya Marekani. Habari zikaandika kuhusu dawa za ARV na kliniki, na ilikuwa haki zianze na hizo, maana ni uhai wa watu. Lakini mradi wa afya ukifungwa, hata wale waigizaji waliokuwa wanalipwa posho na nauli kupitia mradi huo wanabaki bila kazi. Hakuna aliyehesabu hao kama wasanii waliopoteza ufadhili, kwa sababu kwenye vitabu hawakuandikwa wasanii. Waliandikwa "uhamasishaji".

Na msidhani wafadhili wengine watatuokoa. Mei 2025 Marekani ilifuta misaada mingi iliyokuwa imeahidiwa makundi yake ya sanaa huko kwao. Jiji la Berlin lilikata yuro milioni 130 kutoka kwa bajeti yake ya utamaduni ya 2025. Ikiwa watu wenye majumba ya opera wanakatiana wao kwa wao, wewe wa Nyansiongo unangoja nini?

Tuwe wakweli pia kwamba pesa za nje zimefanya mambo makubwa. Ketebul Music ya Tabu Osusa, shirika lisilo la faida lililokuwa na makao yake GoDown jijini Nairobi, lilitoa mwaka 2008 kazi iitwayo Retracing the Benga Rhythm, iliyokusanya historia ya benga kwa sauti, picha na maandishi. Ford Foundation ilisaidia. Kazi kama hiyo soko halingeilipa kamwe, na leo mtu akitaka kujua benga ilitoka wapi, ana pa kuanzia. Mimi nafurahi ipo. Lakini inaniuma kwamba kumbukumbu ya muziki wetu imelipiwa na wakfu wa Marekani, ilhali Katiba yetu, Kifungu cha 11, inasema utamaduni ni msingi wa taifa, na kwamba Serikali itaukuza kupitia fasihi, sanaa, sherehe za kitamaduni, maktaba na mengineyo. Msingi! Nani hujenga nyumba halafu akamwachia jirani alipie msingi?

Sasa hoja ngumu kuliko zote, na sitaikwepa. "Hospitali haina dawa. Unataka kaunti inunue ngoma?"

Nikiwa na mama mgonjwa, hata mimi nitachagua dawa. Mtu yeyote atachagua dawa. Lakini hilo si chaguo tunalopewa. Hakuna aliyewahi kutuonyesha kwamba shilingi zilizotolewa kwa utamaduni ziliingia kwenye duka la dawa. Zikitoka kwetu zinaingia kwenye mfuko mkubwa na hatuzioni tena. Kama kuna afisa anayeweza kuonyesha kwa karatasi kwamba drama ya watoto ilikatwa na dawa za presha zikanunuliwa kwa pesa hizo, alete hiyo karatasi na nitanyamaza. Hadi hapo, msitugombanishe na wagonjwa. Sisi na wao tunakaa kwenye foleni moja.

Na kuna mahali pesa zimeandikwa jina letu kabisa. Mwaka 2018 ulianzishwa Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaolishwa na kodi za kamari. Vijana wa hapa wanabeti kila wikendi, hilo halihitaji utafiti, pita tu stendi Jumamosi. Kwa hivyo sisi ni miongoni mwa wanaoujaza huo mfuko. Neno sanaa liko katikati ya jina lake. Nairobi unajengwa uwanja wa Talanta wa watu 60,000, na mimi napenda mpira kama nyinyi. Lakini niambieni, kati yenu mnaosoma hapa, ni kikundi gani cha ngoma mnachokijua ambacho kimewahi kuona matunda ya lile neno la katikati?

Mwingine atasema: "Hizo pesa za utamaduni huliwa tu. Semina hotelini, fulana, picha, kwisha." Ndiyo, huliwa. Sitetei wala watu. Kuna mashirika ya sanaa ambayo sanaa yake kubwa ni kuandika ripoti. Lakini pesa za barabara pia huliwa, na hatujasema basi tutembee porini. Tunasema mkandarasi ashikwe. Na sisi tufanyiwe hivyo: pesa ziwe kidogo, ziwe wazi, majina yabandikwe ukutani ofisi ya wadi, kila mtu aone fulani alipewa ngapi akafanya nini. Kijiji kinajua nani anacheza ngoma na nani ana muhuri tu.

Nataka mwelewe pia kwamba tunachoomba ni kidogo. Tufanye hesabu ya kufikirika. Kikundi cha watu 15. Wanafanya mazoezi mara mbili kwa wiki. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, tuseme shilingi 200 kwa mtu. Hiyo ni 3,000 kwa zoezi moja, 6,000 kwa wiki, 24,000 kwa wiki nne. Bado hujanunua ngozi, bado hujanywa chai. Kwa watu wanaochuna majani chai asubuhi ndipo waende mazoezi mchana, hizo elfu ishirini na nne ndizo zinaua kikundi. Kikundi hakifi kwa kukosa talanta, kinakufa kwa kukosa nauli. Lakini kwa bajeti ya kaunti, hizo ni gharama ya hema na viti vya mkutano mmoja.

Na hapo kwa hema ndipo hasira yangu ilipo. Mmewahi kuangalia sherehe ya umma inavyolipwa? Mwenye hema analipwa. Mwenye spika analipwa. Mwenye chakula analipwa, hata kama ni baada ya miezi. Wachezaji waliosimama juani tangu saa mbili wakimsubiri mgeni wa heshima wanapewa soda na mkate, na wanaambiwa wamepewa nafasi ya kujionyesha. Ile ngoma ndiyo iliyofanya watu wakae. Ikitolewa, inabaki hotuba. Kwa nini kiti cha plastiki kina bei na mchezaji hana?

Basi tufanye nini? Sitamaliza kwa kulia. Nina mambo matatu, na yote yanawezekana bila kungoja Nairobi.

La kwanza, tujue tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kaunti ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mwelekeo wa bajeti inapelekwa kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe, 30 Aprili. Sisi wasanii huamka Juni bajeti ikisomwa, tunapiga kelele siku mbili mtandaoni, halafu tunarudi kulala. Juni mchezo umekwisha. Kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango wa Septemba hakina miguu ya kufika Juni. Borabu ina wadi nne: Nyansiongo, Mekenene, Kiabonyoru na Esise. Kila moja ina MCA. Vikundi vinne vikienda na barua moja yenye ukurasa mmoja na ombi moja kabla ya Septemba, hiyo ina nguvu kuliko video yangu ya watazamaji laki moja.

La pili, tuingie ndani ya chumba. Sheria hiyohiyo inaunda jukwaa la bajeti na uchumi katika kila kaunti, na inataja wanaowakilishwa: wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Somea tena hiyo orodha. Vijana hawakutajwa. Wasanii hawakutajwa. Lakini mwanamke anayeongoza kikundi cha ribina ni mwanamke. Mzee wa obokano ni mzee. Hakuna sheria inayowazuia kupendekezwa. Tuache kungoja kiti chenye jina la msanii. Tukalie vile vilivyopo.

La tatu, tuombe vitu vinavyoonekana. Tukisema "tunaomba mtusaidie sanaa", afisa anaitikia kwa kichwa na hakuna linalofanyika. Tuseme hivi: kumbi za umma zilizopo, na madarasa jioni, vitumiwe na vikundi vilivyosajiliwa bila ada. Hilo halihitaji hata jengo jipya. Tuseme kila sherehe ya kaunti iwe na malipo ya wachezaji yaliyoandikwa, kama ya hema. Tuseme wazee wachache katika kila wadi walipwe posho ya kufundisha obokano, nyimbo na hadithi katika shule za karibu, na yanayofundishwa yarekodiwe na kuwekwa maktaba. Hapo ndipo mimi na simu yangu tunaingia. Nitarekodi. Vijana wengi tutarekodi. Mtandao ni mahali pazuri pa kuonyesha kitu kilicho hai. Ila hauwezi kukiweka hai.

Sisi watu wa chai tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine. Mche wa chai huuchuni siku unapoupanda. Unaupalilia, unaukata, unangoja karibu miaka mitatu ndipo uanze kukupa kitu. Mbolea ikipanda bei, hakuna anayemwambia mkulima "serikali haina pesa, jaribu TikTok". Anapewa mbolea ya ruzuku, na hakuna anayemwita ombaomba, kwa sababu wote tunaelewa kwamba mche ukikauka leo, bonasi ya miaka ijayo imekauka pia.

Wazee wetu wa nyimbo hawana miaka mitatu ya kungoja mara mbili. Wewe unayesoma hii na uko kwenye kikundi chochote, cha ngoma, cha kwaya, cha maigizo, hata kama mko sita tu: wiki hii nendeni ofisi ya wadi, mwulize kikao cha wananchi cha mpango wa mwaka ujao ni lini na wapi. Andikeni tarehe. Mkitaka, niiteni nije na simu nirekodi mkisoma ombi lenu, jina la MCA likitajwa na siku ikitajwa.

Hiyo nitaiweka TikTok kwa furaha kabisa.